Dungu la Bibi Sikudhani

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, kama ya watu wanaosubiri barua ya ajira? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, kabla ya shule na mitihani yake, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mtama. Mtama ukikomaa, ndege hushuka kama wingu. Kwa hiyo shambani hujengwa dungu: nguzo nne, jukwaa juu yake, na juu ya jukwaa watoto wenye makombeo. Hakuna dungu, hakuna ugali. Simple.

Mwaka huo upepo ukalisukuma dungu. Nguzo zikalala upande. Kwichi, kwichi, gubwi! Binti mmoja, Mwanjaa, akavunjika mkono. Jumbe Kinogo, mkubwa wa kijiji, akaagiza nguzo nene zaidi. Kwichi, kwichi, gubwi! Akaagiza nene kuliko hizo. Hiyo ndiyo ilikuwa strategy, na wenye strategy hiyo mnawajua, siku hizi wana viyoyozi. Gubwi!

Ndege wakala. Wakala. Wakala.

Basi Bibi Sikudhani, kikongwe asiye na meno ila mwenye maneno, akawaita watoto uani kwake. Akawamwagia mabua makavu ya mtama na miiba ya kuungia. Hakufundisha kitu. Aliwaambia wajenge wapendavyo, kisha kila walichojenga wakisukume kwa kidole.

Jumbe akapita, akafoka kwamba shamba linaliwa na yeye anachezesha watoto.

"Kwani dawa ya dungu unaijua, bibi?"

"Siijui."

"Mtu mzima hivyo, huijui?"

"Siijui, mwanangu. Na wewe huijui. Ila mimi nimekubali."

Jumbe akampa mpaka jua lizame. Baada ya hapo, watoto wote shambani kufukuza ndege kwa miguu, na bibi mbele yao.

Watoto wakaunga. Mabua manne, wakasukuma: yakalala, pwa. Matano: pwa. Sita: pwa. Mwanjaa, mkono wake ukiwa bado umefungwa, hakuweza kushika mengi. Akaunga matatu tu. Akasukuma. Kimya. Akasukuma kwa nguvu. Kimya.

Akautazama mraba wa mwenzake uliolala. Akausimamisha, akachukua bua jingine, akalikatisha kona hadi kona. Mraba ukawa pembetatu mbili. Akasukuma. Kimya.

Bibi naye akasukuma. Kisha akadai mkongojo wake, akasema waende shamba.

Wakasimamisha zile nguzo za kwanza, nyembamba. Kila upande wakafunga mti wa mshazari, kona hadi kona. Jumbe akaapa kwamba hakuna mtoto atakayepanda mchezo ule.

"Nani kasema mtoto?" akauliza Bibi Sikudhani. "Nishikieni mkongojo."

Akapanda. Upepo ukaja, vuuu! Watu wakaziba macho. Wakasubiri gubwi.

Kimya.

"Jumbe," akaita kutoka juu, "nafasi ipo. Njoo uone mtama wako ulivyobaki."

Jumbe akapanda, miguu ikimtetemeka. Dungu halikutetemeka.

Mimi pembetatu niliimeza chuoni kama formula, nikaitapika kwenye mtihani, nikapewa digrii. Dungu siwezi kujenga. Kwa hiyo msiwameze­she watoto jibu. Wapeni mabua, wasukume wenyewe, walichojenga kiwalalie mpaka kisimame.

Hadithi yangu imefika kona yake ya tatu. Isukumeni muone.