Mkia wa Kindi na Kuku wa Mwalimu Fisi

— Wenye masikio, mpo?
— Tupo, midomo tumefunga!
— Niwape ya kweli?
— Ya kweli tunayo nyumbani. Tupe uongo!

Haya. Huu nimeuokota safarini. Mizigo mingine yote huwa naibiwa, huu tu hakuna aliyeutaka.

Hapo kale msituni palikuwa na shule, na mwalimu wake alikuwa Fisi. Kanuni yake ilikuwa moja: mwanafunzi akae. Akae asubuhi, akae mchana, asitikisike. Akitikisika, anatolewa nje mpaka mzazi aje. Na mzazi haji mikono mitupu. Anakuja na kuku.

Basi alikuwamo Kindi, mtoto mwenye akili na mkia. Akili ilitulia, mkia ulikataa. Kindi akiketi, mkia fyu! Akiushika kwa mikono miwili, fyu! fyu!

"Kindi! Nje! Usirudi bila mzazi!"

Mama Kindi akaja na kuku, mtoto akarudishwa. Kesho yake, fyu! "Kindi! Nje!" Mama akaja na jogoo. Kesho yake tena, fyu! Mama akaja na kuku aliyekuwa akilalia mayai. Fisi akamla palepale, kwacha kwacha, kisha akamfuta mama machozi kwa unyoya.

"Mama Kindi, mwanao hana adabu. Siku utakayokuja bila kuku, namfuta shule."

Siku hiyo haikukawia. Banda tupu, na mkia fyu! Mama akakaa kizingitini analia. Jirani yake Nguchiro akapita.

"Dada, kesho nitakwenda mimi. Mjomba naye ni mzazi."

"Wewe? Si wewe uliyenimalizia vifaranga?"

"Ndiyo maana, dada. Nikiona mwingine anakula kuku wa jirani yangu, roho inaniuma."

Asubuhi Nguchiro akabisha hodi darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuku yuko wapi?"

"Mwalimu, naona haya kukuletea kuku mmoja. Mwili wote huo! Darasa zima una mtundu mmoja tu, wengine wamekaa kama magogo. Utashiba lini?"

Fisi akameza mate, gudu! "Nifanyeje?"

"Kindi asikae. Mpe kazi ya kuzunguka: apige kengele, afute ubao, achote maji. Wenzake wakimwona anarandaranda, nao watataka. Watatikisika wote! Wazazi watapanga foleni hadi mtoni, kila mmoja na kuku wake!"

"Hee! Kumbe kijitu kama wewe nacho kina kichwa!"

Kindi akapiga kengele, nge! nge! nge! Akafuta ubao, akachota maji, akarudi anahema. Akaketi. Mkia ukalala, pwa. Akapewa kitabu, akasoma ukurasa mzima bila kukosea. Wenzake nao wakaitaka kengele.

"Atakayetulia nitampa zamu," akasema Kindi.

Wakatulia. Fisi akangoja. Darasa kimya, tumbo lake tu ndilo lililopiga kelele: ngurrr!

Akangoja mpaka suruali ikaanza kumvuka, kisha akamfuata Nguchiro. "Mwongo mkubwa! Leo namnyang'anya kengele!"

"Mnyang'anye, mwalimu. Ila Mkaguzi Ndovu yuko njiani, wazazi wamemwambia hakuna mwalimu kama wewe. Utamweleza kwamba umekosa kuku?"

Fisi akanywea. Ndovu akaja, akaona, akatokwa machozi. "Mwalimu Fisi, watoto wametulia hivi! Siri yako ni nini?"

Fisi akakohoa. "Ukali," akasema.

Kindi alibaki shuleni, akasoma mpaka akamaliza. Lakini Fisi alivishwa nishani, akapelekwa shule zote za msitu kuwafundisha walimu nidhamu. Walimu wakamsikiliza: mtoto akae, asitikisike, mzazi aje. Leo kila ofisi ya shule ina manyoya mlangoni, na watoto wenye mikia wako nje ya lango. Nguchiro naye kila asubuhi yuko lango jingine: "Shikamoo, mwalimu, mimi ndiye mjomba." Mjomba mmoja, msitu mzima. Miguu imemvimba, na malango hayaishi.

Uongo wangu umechokea hapo. Aliyeuamini ajilaumu, aliyelala aamshwe alipe usingizi wangu.

Na funzo, maana bila funzo hamnipi chai: mwanafunzi bora ni yule asiyetikisika. Ndiyo maana mawe ya mtoni yamesoma sana.