Felista na Zimwi la Chemchemi

Sogeeni karibu na moto, wajukuu zangu, mnyamaze.

Zimwi lilikalia chemchemi ya kijiji, likamwambia kila aliyekuja kuchota maji, "Nipe jina lako la ubatizo, ndipo uchote." Wanakijiji wote wakatoa, isipokuwa mama mmoja, Felista, ingawa mwanawe alikuwa hoi kwa kiu.

Wifi yake akamsihi, "Wifi, ni jina tu. Mungu ataelewa."

"Ataelewa. Ila akiniita, nitaitikia nini?"

Zimwi likamdai mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akakataa.

Jioni likayaita majina yote liliyopewa, na wenyewe wakaenda kama waliolala, wifi mbele, kuelekea kinywani mwa zimwi. Felista hakuvutwa. Akasimama njiani, akasema kwa sauti, "Kwa jina la Yesu, rudini."

Wakazinduka. Zimwi likameza upepo mtupu, likapasuka, maji yakabubujika.

Mtoto akanywa. Chemchemi aliirithi mtoto huyo, na binti wa wifi akarithi jina la Felista.