Fisi na Njugu Elfu Mbili Mia Tano na Ishirini

Ngano yangu, iingie?

— Iingie, mkeka tumeutandika!

Paliondokea Pimbi na mkewe, Bi Somoe. Jioni moja Bi Somoe alikuwa akihesabu njugu zao za akiba, kama kawaida yake. Alipofika mwisho akamrushia mumewe njugu moja.

"Kula hiyo. Imezidi."

"Akiba nayo huzidi, mke wangu?"

"Zilizobaki ni elfu mbili mia tano na ishirini. Hapo Fisi hana pa kuuma. Kula, baba watoto, acha maswali."

Pimbi akaitia shavuni, aile baadaye. Usiku ule Bi Somoe akaugua, na kabla ya jua kuchomoza akafariki.

Katika nchi ile mgawa mirathi alikuwa Fisi, kwa sababu ya meno yake. Sheria aliitunga mwenyewe: mali isiyogawanyika sawasawa huleta ugomvi, na mali ya ugomvi ni ya Fisi. Kwa kina Digidigi ulibaki muhogo mmoja tu. Fisi akabeba mihogo yote, wenyewe wakalala njaa.

Matanga hayajaisha, Fisi huyo, puku-puku-puku!

"Poleni, poleni sana. Njugu ziko wapi?"

"Zile pale, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi. "Idadi ya warithi chagua wewe. Jaribu mpaka uchoke, ila usizidi kumi, ukoo wetu unaishia hapo. Ikibaki hata njugu moja, beba zote. Isipobaki, usikanyage tena penye msiba."

"Nimekubali!" Mate yalikuwa yakimchuruzika. "Shavu hilo limefanya nini?"

"Jino, Bwana."

Fisi akagawa mafungu mawili. Ta! ta! ta!

"Imebaki?"

Watoto wa Pimbi wakaitika: "Haikubaki!"

Akagawa matatu. Ta! ta! ta! Imebaki? Haikubaki! Manne, matano, sita. Imebaki? Haikubaki!

"Usijaribu saba, Bwana!" akalia Pimbi. "Saba itatumaliza!" Machozi hakuyatafuta, alikuwa nayo.

"Kumbe ni saba!" Fisi akairukia saba. Ta! ta! ta! Haikubaki!

Kwenye nane ulimi ulikuwa nje. Kwenye tisa kiuno kilikataa kunyooka. Kwenye kumi alikuwa akigawa amelala ubavu.

"Imebaki?"

"Haikubaki!"

"Basi kumi na moja!"

"Wa kumi na moja ni nani, Bwana?"

"Mimi!"

"Ahaa! Kumbe wewe ni wa ukoo!" Pimbi akampa kata ya maji. "Karibu, shemeji. Anza na vyungu vya matanga, vile pale, havijaoshwa."

Fisi akavitazama vyungu. Vilikuwa vingi, tena vimeungua. Vuuu! Akatimua mbio, na mpaka leo penye msiba hupita kwa mbali.

Funzo, wanangu: msijifunze hesabu. Humchosha mgeni bure, na wala haimrudishi mtu.

Ngano yangu imetoka, kunjeni mkeka.

— Bado! Na ile njugu ya shavuni?

Asubuhi yake Pimbi aliamka mapema, akakaa pale alipokuwa akikaa mkewe, akazihesabu zote. Zilitimia. Kisha akaila ile moja, kama alivyoambiwa.