Bi Kidawa na Paa Lisilovuja

Palikuwa na Liwali mmoja katika mji wa Vumbani, mtu wa tumbo na sauti, aliyejenga soko kubwa la mabati akalisifia mpaka watu wakachoka masikio. Siku ya kulifungua alisimama kitini akatoa amri: "Paa langu halivuji. Atakayesema linavuja ni mwongo, na nyumba ya mwongo ni gerezani." Watu wakapiga makofi. Kilikuwa kiangazi, nani angebisha?

Masika yakaja, yakaja na dhoruba. Siku mbili mfululizo upepo uliupiga mji ule kama mtu anayekung'uta mkeka. Misumari ikalegea, mabati yakainuka pembe, maji yakapenya juu ya dari ya mbao, yakaanza kushuka sokoni. Wauza mchele wakakumbatia magunia yao. Kila mtu kaloa chapachapa, na kila mtu kimya. Ukimuuliza, anasema ni jasho. Ila Shomari, muuza kanga, alipoona mzigo wake wote umechuja rangi, uvumilivu ulimwisha. Akapiga kelele zikasikika mpaka barabarani: "Jamani, paa linavuja!"

Hata hajafunga mdomo, askari wamekwishamshika.

Shomari alikuwa na dada yake, Bi Kidawa, mjane aliyerithi ngazi na nyundo ya marehemu mumewe, na kazi yake ya kuezeka pia. Ulimi hakuurithi kwa mtu, alizaliwa nao. Alipopata habari alikaa kizingitini akashika tama. Kifua cha ndugu yake kilikuwa kibovu tangu utotoni, na gereza la Vumbani lilikuwa shimo la baridi. Wiki moja mle, wangemtoa kwa jeneza. Angali anawaza, askari huyo mlangoni: "Bi Kidawa, Liwali anakuita sokoni. Uje na ngazi na vifaa vyako."

Akamkuta Liwali ameketi katikati ya soko, na maji yaliyotuama darini yakimdondokea juu ya kilemba: to, to, to. Mvua ilikuwa imepumzika tu. Kusini mawingu mengine yalikuwa yanapanda, meusi tititi.

"Shikamoo, Bwana Liwali."

"Marahaba. Panda ufanye kazi yako, upesi, kabla mvua haijarudi."

"Kazi gani, bwana?"

"Kwani wewe siku zote unafanya kazi gani?"

"Naziba mapaa yanayovuja."

Liwali akakunja uso. "Paa langu linavuja?"

"Hasha! Nani kasema? Halivuji hata chembe. Ndiyo maana naomba ruhusa nirudi nyumbani, nimeacha maharage motoni."

"Simama hapo! Huyaoni maji haya?"

"Nayaona sana, bwana."

"Yanatoka wapi?"

"Mimi ni fundi wa paa. Maji yasiyotoka paani sina elimu nayo. Pengine aitwe mchimba visima."

Mtu mmoja nyuma ya magunia akacheka, halafu akakigeuza kicheko kikohozi.

"Basi panda ulipambe," Liwali akasema, kwa meno yaliyobanana. "Pigilia viraka, uviite mapambo."

"Mapambo nayapenda. Nitaanzia pale juu ya mlango, patapendeza."

"Pale ni pakavu, wewe!"

"Ala! Kumbe kuna pasipo pakavu?"

Tone likamwangukia Liwali puani, akaliacha litiririke, maana kulifuta ni kukiri.

Bi Kidawa akalainisha sauti. "Bwana Liwali, paa lako ni zima, hilo tumekubaliana. Kilichoko juu ni uongo wa Shomari. Aliusema kwa nguvu mno, ukaruka, ukanasa kwenye mabati. Mimi niko tayari kuuziba. Lakini uongo, mwenyewe ndiye ajuaye ulipo. Aletwe anionyeshe."

Nikuibie siri: angeweza kutafuta mwenyewe. Kweli maji hupenyea huku, yakatembea juu ya boriti, yakadondokea kule. Lakini fundi mzuri huyafuata mpaka tunduni. Ila fundi huyu hakuja sokoni kwa ajili ya matundu.

Liwali akayapima maneno yale juu na chini. Hayakumvunjia heshima popote. "Mleteni huyo mwongo!"

Shomari akaletwa, anatetemeka, anakohoa. Dada yake akavua kanga yake ya begani akamfunika, akamnong'oneza: "Leo sema uongo wako wote, mdogo wangu. Usibakize."

Shomari akaelewa. Akatembea sokoni akinyoosha kidole juu. "Hapa nilisema uongo. Na hapa. Pale kwenye nguzo ya tatu, lo, pale nilisema uongo mkubwa sana!"

Bi Kidawa akapanda. Lami, kiraka, msumari. Lami, kiraka, msumari. Penye uongo mkubwa akatandika turubai, akalikandamiza kwa mbao. Aliposhuka, mvua ikamfuata nyuma, ikashuka kwa kishindo hata watu wakawa hawasikilizani.

Wote wakatazama juu. Wakangoja. Kilemba cha Liwali kikavu. Pua kavu. Muuza mchele mmoja akaachia gunia lake, akapiga vigelegele kama mwanamke.

Liwali akavimba upya. "Mmeona? Si niliwaambia paa langu halivuji? Askari! Mwongo huyu mrudisheni gerezani!"

Shomari akamgeukia dada yake. Bi Kidawa hakumtazama. Aliokota nyundo, akaiegemeza tena ngazi ukutani, akaanza kupanda.

"We! Unakwenda wapi na mvua yote hii?"

"Juu, bwana. Ndugu yangu anahamia gerezani, siwezi kumwacha aende mikono mitupu. Namng'olea uongo wake, aende nao."