Chozi na Foleni ya Angani

Hapo zamani za kale, mbingu ilipokuwa haina mwenyewe, kila ndege aliruka alikotaka. Wengine waliruka kinyumenyume, wengine huku wanasinzia. Msinicheke, watoto, mimi sikuwapo, nami niliambiwa hivyo hivyo.

Basi siku moja Tai alikuwa anashuka, na Tumbusi alikuwa anapanda. Pwaa! Manyoya yakatawanyika, na Tumbusi akabaki kipara mpaka leo. Wakubwa wakakaa kikao wakatunga sheria.

"Kuanzia leo mbingu ina ghorofa," akasema Tai. "Mimi ni mawinguni. Chini yangu Tumbusi. Chini ya Tumbusi ni Mwewe, usawa wa kilele cha msufi. Wadogo wote wasivuke goti la Twiga. Mkubwa juu, mdogo chini. Anayekwenda mashariki apite kulia kwa msufi, anayerudi apite kushoto."

"Na kushuka je?" akauliza Mwewe.

"Hakuna kushuka mpaka uitwe kwa jina, mmoja mmoja, tusigongane tena. Na mkubwa akishuka kula, wadogo watue, wanyamaze, wasile mpaka ashibe."

"Nani atakuwa anaita?"

Wakatazamana. Kazi hiyo ilitaka mtu wa kukaa chini kwenye kichuguu, juani, na hakuna mkubwa aliyetaka kukaa chini. Wakampa Chozi, yule ndege mwembamba mwenye mdomo kama sindano, mama wa makinda watatu.

"Hii ni heshima kubwa kwako," Tumbusi akamwambia.

"Ahsante, Bwana Tumbusi," akajibu Chozi, kwa sababu alikuwa na adabu. Lakini moyoni alichukia, tena alichukia sana.

Sheria ile ilikuwa taabu tupu. Twiga akisimama, wadogo waliruka vizuri. Twiga akijilaza, goti lilishuka mpaka majanini, na wadogo wote wakaanguka, pu, pu, pu.

"Mjomba Twiga, tafadhali simama," Chiriku alilia kutoka matopeni.

"Siwezi, mwanangu. Nina magoti manne, na yote manne yamechoka."

Kikaja kiangazi kikali. Maua yakakauka, wadudu wakaadimika, na makinda wa Chozi wakakonda mpaka yule wa mwisho hakuweza kuinua shingo. Hatimaye mvua ya kwanza ikanyesha, na kila ndege alijua kinachofuata. Kumbikumbi wanono wangetoka kwenye kichuguu kile kile alichokalia Chozi.

Chozi akafikiri. Wakubwa wakishuka, itabidi anyamaze mpaka washibe, na wale hawajawahi kushiba mapema. Makinda wake watakufa huku wanasikia wenzao wanatafuna.

Fuuu! Kumbikumbi wakatoka. Mwewe akawa wa kwanza kuwaona.

"Chozi! Niite nishuke."

"Shikamoo, Bwana Mwewe. Nakuita sasa hivi." Chozi akasimama juu kabisa ya kichuguu, akakohoa, akatangaza: "Wazee wangu, karibuni chakula. Mtashuka mmoja mmoja kama mlivyoagiza. Aliye chini ataanza, maana aliye juu akianza atamwangukia mwenzake. Na aliye chini, kwa sheria yenu, ndiye mdogo. Haya, Bwana Mwewe, mdogo wao, karibu."

Mwewe alikuwa amekwisha kukunja mabawa. Akayakunjua tena.

"Mdogo nani?"

"Wewe, bwana. Si uko chini?"

"Niko chini kwa bahati mbaya tu," akasema Mwewe, akapanda, pa, pa, pa, mpaka akampita Tumbusi.

"Haya, Bwana Tumbusi, mdogo wao, karibu."

"Mdogo mimi, na kipara chote hiki?" Tumbusi naye akapanda, pa, pa, pa, akampita Mwewe, akampita hata Tai.

Mwewe kuona hivyo akamfuata.

"Bwana Tai," akaita Chozi kwa upole, "naona sasa wewe ndiye..."

"Usimalize," akasema Tai, akapanda.

"Basi zungukeni hapo hapo, wazee wangu. Mkishakubaliana nani mdogo, mniambie."

Wakazunguka. Chozi akamgeukia Chiriku na wenzake. "Sheria inasema tunyamaze mkubwa akishuka. Kuna mkubwa aliyeshuka?"

"Hakuna," wakasema wote.

"Basi kuleni."

Nyam, nyam, nyam! Chozi akaenda na kurudi kwenye kiota, mdomo umejaa. Yule kinda wa mwisho akameza mmoja, akameza wa pili, kisha akainua shingo akadai zaidi kwa makelele. Mama yake alifurahi hata akasahau kazi ya kuita.

Huku juu maneno yalikuwa matamu.

"Tumbusi, ndugu yangu, tangulia."

"Haiwezekani, Mwewe. Tangulia wewe, mimi nakuheshimu."

"Mimi wala sina njaa," akasema Tai, akapiga chafya kwa baridi ya mawinguni. Tumbo lake likanguruma, na Twiga kule chini akadhani ni radi.

Jua likaanza kuinama. Tai akachungulia.

"Chozi, kumbikumbi wamebaki?"

"Amebaki mmoja, Bwana Tai. Ila ni wa mdogo. Aje mdogo wenu amchukue."

Tai akameza mate. Akamtazama Mwewe, Mwewe akamtazama Tumbusi, Tumbusi akatazama pembeni. Kisha wote watatu wakaendelea kuzunguka.

Kwa hiyo, watoto, mkiwaona wale wakubwa wanazunguka juu sana bila kupiga bawa, msidhani wanacheza. Kila mmoja anasubiri mwenzake atue kwanza.

Anayeona haya kuitwa mdogo hulala na njaa kubwa.