Kioo cha Kuongeza Jua

Mwaka huo masika yalikawia kuondoka, mtama ukavunwa ukiwa umelowa. Wanyama wakauanika mikekani, lakini jua lilikuwa likichungulia mchana kwa muda mfupi tu, kisha likijificha. Punje zikaanza kuota ukungu. Kila mmoja alijua kwamba mtama huo ukioza, watalala njaa mpaka vuli.

Sungura hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameokota kioo cha mviringo, kinene katikati, katika kambi waliyoihama wawindaji. Akakiinua juu ya mkeka wa Fisi. Katikati ya mtama ikatokea nukta nyeupe, kali, kisha moshi.

"Mnaona?" akasema. "Kioo hiki huongeza jua. Nitawaanikia kwa zamu. Malipo ni kibaba kimoja cha mtama kwa kila mkeka."

"Mimi nataka zamu mbili," akasema Fisi, akalipa papo hapo. Alipata punje tatu zilizoungua. Mtama uliobaki ulikuwa umelowa vilevile. Akazila zile tatu, akasema zimekauka vizuri.

Simba naye akalipa. "Mtama wa mfalme hauanikwi kwa jua la kila mtu," akasema. Kisha akaamuru kila mtu alipe.

Zamu ikamfikia Kobe. Alikuwa na kibaba kimoja tu, na watoto wanne nyumbani. Hofu ilimshika. "Bwana Sungura, nikikulipa, utaongeza jua juu ya mkeka mtupu. Niruhusu kwanza nitazame."

Sungura akakiinua kioo tena juu ya mkeka wa Simba. Wengine waliikodolea macho nukta. Kobe, ambaye kwa kawaida hutazama chini, alitazama kando ya nukta hiyo.

"Hapa pana kivuli," akasema. "Ukubwa wake sawa na kioo."

"Kila kitu kina kivuli," Sungura akajibu.

"Kioo hupitisha mwanga, bwana. Basi mwanga wa hapa umekwenda wapi?"

Sungura akajikuna sikio. Simba akaweka mguu wake mkekani: nukta ikamchoma, na kando ya nukta akahisi baridi. Hasira zikampanda, maana alikwisha kulipa.

"Jua halikuongezwa," akasema Kobe polepole. "Punje hizi zote zimenyang'anywa jua, likarundikwa kwa moja."

Simba akahukumu kila mtu arudishiwe kibaba chake. Kisha mtama wa Sungura, gunia zima, ukamwagwa ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na paani likatobolewa tundu moja lenye ukubwa wa kioo.

"Ukaushe kwa jua ulilotuuzia," akasema Simba.

Baada ya siku tano mtama wa Kobe, aliousambaza mkekani na kuugeuza kila jua lilipochungulia, ulikuwa mkavu. Wa Sungura ulikuwa punje kumi za majivu na gunia la ukungu. Njia ya mwongo ni fupi.