Wembe Uliopita Shingoni mwa Pazi

Wenye ndevu, shikeni ndevu zenu. Msio na ndevu shikeni shingo, maana hiyo kila mtu anayo. Vizuri. Sasa najua hakuna atakayesinzia.

Katika mji wa Lukinge waliishi watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Bi Tunu, msugua masufuria ya harusi, alijaliwa jicho: aliona chini ya masizi na kukwambia chombo kilikuwaje siku kilipotengenezwa. Mwichande, mchonga vitana vya pembe, alijaliwa vidole, na pembe iliyowashinda wengine ilimtii yeye. Salmini mnoaji alijaliwa sikio: akipitisha kisu kwenye kinoo alisikia makali yalipo na yalipokosekana. Wote watatu walikuwa watu wa kuja, hawakuwa na ukoo pale mjini. Likumbukeni hilo.

Wenye mji walikuwa koo mbili, Wana-Mwinje na Wana-Sekuro. Zamani walichinjana mpaka wakachoka, ndipo wakapatana kwa desturi hii: kila kizazi, mtu wa ukoo mmoja hukaa kigodani na kumwachia mtu wa ukoo wa pili shingo yake, anyolewe ndevu kwa wembe uleule wa kukunja ulionyoa siku ya kwanza ya amani. Akiinuka bila tone la damu, amani inaendelea. Wembe ukiwa si ule, kiapo hakuna. Na mtu asiyefungwa na kiapo, ana wembe mkononi na shingo ya adui imemwelekea, malizieni wenyewe.

Zamu hii shingo ilikuwa ya Pazi wa Wana-Mwinje. Mnyoaji alikuwa Kiango wa Wana-Sekuro, ambaye kaka yake aliuawa porini na muuaji hakujulikana, ila Kiango alikwishaamua moyoni kwamba anamjua, naye ni Pazi. Hakuwa mtu wa makelele, huyu. Aliwaamkia wakubwa, alibeba majeneza ya watu, na aliongea polepole. Pazi aliuogopa upole wake kuliko matusi ya watu kumi.

Wembe wenyewe ulikuwa kwa Mzee Mlekwa. Mtunza wembe hawi wa ukoo wowote kati ya zile mbili, na nyumba unamolala wembe haiguswi, si kwa rungu, si kwa moto. Desturi ilimkataza pia mtunzaji kuufungua wembe kabla ya siku yake; kuuandaa, na kumtaja mtunzaji mpya yule wa zamani akifa, ni kazi ya anayenyolewa. Basi Mzee Mlekwa akatii: hakuufungua, hakuupaka mafuta, akauacha ndani ya kitambaa darini mpaka akafa. Pazi alipokwenda kuuchukua alikuta kutu imeutafuna na mpini umepasuka. Heshima ndiyo iliyouozesha.

Akaupeleka kwa Bi Tunu.

"Ung'arishe, Bi Tunu. Nataka nijione sura."

"Ukitaka kujiona sura, baba, kanunue kioo."

Hakutia ndimu, kwa kuwa ndimu haichagui, hula kutu na chuma pamoja. Alisugua kwa majivu laini na mafuta ya nazi, kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka kutu ikaisha. Karibu na mgongo wa wembe likabaki baka jeusi. Pazi akamwambia, "Na hilo nalo litoe." Bi Tunu akakataa. "Hii si kutu. Wembe umezeeka na baka hili, na mimi silitoi." Pazi akainama akamnong'oneza: "Nikiinuka salama, wembe utalala kwako."

Kwa Mwichande alikwenda na kipande cha mpingo. "Uvishe mpini mpya, fundi, huu umekufa."

Mwichande akakisogeza kile kipande pembeni. "Mpingo mzuri, Mzee Pazi. Lakini mkono uliozoea kitu hauulizi uzuri."

Akailoweka ile pembe ya zamani kwenye mafuta ya uvuguvugu mpaka ikalainika, akaubana ufa, akaukaza kwa kijisumari cha shaba. Pale vidole gumba vya wazee vilipochimba kibonde, hakupagusa hata kwa msasa. Pazi akatazama huku na huku, akasema: "Nikiinuka salama, mtunzaji ni wewe." Mfa maji haachi kutapatapa.

Kwa Salmini ilikuwa habari ya pengo. Lilikuwa chini kabisa ya makali, karibu na mpini, na wazee walisema hapo ndipo chuma kilipogonga mfupa wa mtu.

"Linoe mpaka liishe," Pazi akasema. "Linanitisha."

"Kulimaliza hilo, mzee wangu, niule wembe nusu nzima. Utabaki na kijiti. Lilipo, shingo yako halitaifikia."

Akanoa kwa jiwe la maji, kisha kwa ukanda wa ngozi, sikio ameliinamisha, mpaka chuma kikaacha kulalamika. Na Pazi, mnamjua sasa, akaahidi mara ya tatu.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa watu. Pazi akakaa kigodani, akainua kidevu.

Kiango akaufungua wembe, akauinua juani. "Baba aliniambia bapa lake lina baka jeusi," akasema. Baka lilikuwepo. Akaukamata mpini, akatafuta kwa kidole gumba, na kidole kikazama kwenye kibonde cha mababu zake. Akapitisha ukucha kwenye makali mpaka chini. Ukucha ukanasa kwenye pengo, palepale alipoambiwa utanasa. Pazi aliona mishipa ya ule mkono inasimama, akaelewa: mtu huyu alikuja kutafuta kosa moja tu.

Alipolikosa, akanyoa. Akakandamiza kuliko inavyotakiwa. Kutu ingekuwepo, ingekwaruza. Mpini ungecheza, ungekata. Makali yangekuwa butu, yangeivuta ngozi. Wembe ukapita shingoni mwa Pazi na damu haikutoka.

"Wembe ndio wenyewe," Kiango akasema, akaufuta kwa kanga. "Hongera zao walioufufua. Nitapita kwao, mmoja mmoja, niwashukuru."

Akatabasamu. Uwanja mzima ukaijua shukrani hiyo ni ya punda.

Akamrudishia Pazi wembe. "Haya, mpe mtunzaji."

Bi Tunu akapiga hatua mbele. Mwichande naye. Salmini naye. Wakatazamana, kisha wakamtazama Pazi, na Pazi akatamani ardhi ipasuke.

"Bila jicho langu, baka lingekuwa limeondoka," Bi Tunu akasema, "nawe pamoja nalo. Nina wajukuu ndani."

"Bila vidole vyangu, angeshika mpini asioujua," Mwichande akasema. "Mke wangu ana mimba, Mzee Pazi."

Salmini akafuata. "Bila sikio langu ungetoka damu. Mimi sina mtu. Lakini aliyesema hana mtu, hajasema anataka kufa."

Najua kuna mjanja kati yenu anataka kusema, wahamie nyumba moja wote watatu! Hata uwanjani alikuwepo wa hivyo, akapaza sauti. Kiango akamjibu kwa adabu: wembe humlinda mtunzaji, mwenziwe wa ndoa na watu wa damu yake tu, na wageni hawakutajwa. Wazee wa koo zote mbili wakaitikia kwa vichwa. Alisema kweli.

Basi Pazi yuko pale amesimama, kidevu kimelainika kama cha mtoto, ameponywa na watu watatu ambao kila mmoja alimkatalia alipotaka kujiua kwa hofu yake. Mkononi ana wembe mmoja. Kiango ameketi kwenye kile kigoda, anangoja kuona nani na nani watarudi nyumbani mikono mitupu.

Nawaachieni wembe huo. Ungekuwa wewe Pazi, ungemkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, wale wawili ungewatazama vipi?